Yah: Malalamiko ya kuambiwa mazabodi isiyo na tatizo imeungua, na kunyimwa waranti ya pawasaplai

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nina steshonari hapa Morogoro, na kazi yangu kubwa ni kuchapa na kutoa ripoti za wanafunzi wa SUA na Mzumbe. Mwaka huu nilinunua pawasaplai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme, kwenye tawi lenu la hapa kwa shilingi 65,000, yenye waranti ya mwaka mmoja, na fundi wenu ndiye aliyeifunga. Risiti ya EFD ninayo. Kabla hata nusu ya muda huo haijaisha, kompyuta ikaanza kugoma: ukibonyeza kitufe cha kuwashia, feni inashtuka mara moja, inasimama, basi. Nikaileta kwenu.

Mlinitoza shilingi 20,000 za uchunguzi. Jibu likawa kwamba mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imeungua, na nikaandikiwa makadirio ya shilingi 280,000 kwa ajili ya nyingine. Nilipouliza mmejuaje, fundi alinionyesha taa ndogo ya kijani inayowaka kwenye mazabodi, akasema hiyo ni dalili kwamba pawasaplai ni nzima, kwa hiyo mbovu ni mazabodi. Kisha akaichomoa pawasaplai, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni yake ikazunguka, naye akaona kazi imekwisha. Mita ilikuwa juu ya meza, pembeni yake. Hakuigusa.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa, maana naogopa wapo wengine waliotupa mazabodi zisizo na tatizo kwa jibu kama hilo.

Ile taa inalishwa na waya wa zambarau, wa volti 5 za kusubiri, ambao una umeme muda wote kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa. Ndani ya pawasaplai waya huo una sakiti yake ndogo, mbali na ile kubwa inayotoa volti 12, 5 na 3.3 za kuendeshea kompyuta. Sakiti kubwa inaweza kufa kabisa na taa ikaendelea kuwaka. Na feni kuzunguka wakati pawasaplai haijabebeshwa mzigo hakuthibitishi kitu. Inatakiwa ipimwe ikiwa imefungwa kwenye mazabodi, pale mazabodi inapodai umeme.

Fundi wa mtaani kwetu alifanya hivyo. Aliiacha plagi ya pini 24 mahali pake, akaingiza ncha za mita kwa nyuma. Zambarau: volti 5, sawa. Kijani: karibu volti 5, na nilipobonyeza kitufe ikashuka hadi karibu na sifuri. Akaniambia nitazame hapo vizuri. Waya huo hushushwa na mazabodi yenyewe inapoiamuru pawasaplai iwake. Maana yake mazabodi mliyoniambia imeungua ilikuwa hai na inaomba umeme. Njano, ambayo kwa kiwango cha ATX, kile kinachofuatwa na pawasaplai za kompyuta, haitakiwi kutoka nje ya volti 11.4 hadi 12.6, ilifika 9 na kidogo, ikaanguka. Kijivu, ambao pawasaplai huutumia kuiarifu mazabodi kwamba umeme umetulia, haukupanda kabisa. Akachukua pawasaplai ya kompyuta yangu nyingine, akaifunga, na kompyuta ikawaka hadi kwenye Windows, mafaili yote yakiwemo. Ndiyo ninayoandikia barua hii.

Niliporudi kwenu na majibu hayo, hoja ikabadilika. Mkakubali kwamba pawasaplai ndiyo mbovu, lakini mkasema imepigwa na umeme uliozidi, na waranti haihusiki na umeme. Ndugu Meneja, umeme wa ukutani ukizidi, kwa kawaida huanza na fyuzi na sehemu ya kuingilia. Sehemu hiyo kwenye pawasaplai hii inafanya kazi hadi leo, na ushahidi ni taa ileile aliyonionyesha fundi wenu. Kilichoharibika ni upande wa kutolea: ukimulika tochi kwenye matundu ya feni unaona kapasita mbili, vile vikopo vya kutunzia umeme, zimevimba vichwa. Hatukuifungua, kwa sababu kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Stika yenu ya waranti iko kama mlivyoibandika.

Kuna jingine nililoligundua wakati naitazama. Kwenye boksi imeandikwa wati 500. Kwenye jedwali la ubavuni mwa pawasaplai yenyewe, njia ya volti 12 imeandikwa ampea 16, yaani wati 192, na kompyuta za siku hizi huchukua sehemu kubwa ya umeme wake kwenye njia hiyo. Yangu ina prosesa ya Core i5-6500 ya wati 65 na haina kadi ya grafiki, kwa hiyo haikuelemewa. Lakini mteja atakayeliamini boksi na kufunga kadi kubwa ataumia, na ninyi ndio mliomuuzia.

Naomba mnirudishie shilingi 65,000 za pawasaplai na 20,000 za uchunguzi ambao haukufanyika. Sitaki nyingine ya aina hiyo. Naomba pia maelezo ya maandishi, yenye vipimo vya mita, kuhusu namna mlivyofikia uamuzi kwamba mazabodi imeungua na baadaye kwamba umeme ulizidi. Kama vipimo hivyo havipo, andikeni kwamba havipo. Na bidhaa yenye wati 500 za boksini iondoeni rafuni hadi mtakapokuwa tayari kumweleza mnunuzi jedwali la ubavuni linasema nini.

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitapeleka nakala ya barua hii, risiti, makadirio yenu na picha za lebo kwa Tume ya Ushindani. Pawasaplai yenyewe nimeihifadhi. Mkitaka kuipima, njooni na mita, tuipime pamoja.

Wenu,
Mmiliki wa steshonari,
Morogoro.