Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Kwa Nini Barua Yetu ya Malalamiko Bado Iko Mezani Kwangu

Ndugu wanachama, wauzaji wa jumla na reja reja wa boliti na nati, mafundi wa gereji za Unga Limited, Njiro na Sakina hapa Arusha, nanyi mliotoka Moshi alfajiri ili muwahi kikao hiki, nawasalimu na kuwashukuru kwa kuja.

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mfuko wa kufa na kuzikana umefanya kazi yake, na familia zilizofikwa na msiba zimepata stahili zao kwa wakati. Wanachama wapya wamepokelewa, na majina yao anayo katibu. Ada inalipwa, ingawa wapo wanaosubiri mpaka wapigiwe simu. Hayo yanatosha.

Muda uliobaki nauhitaji kwa jambo moja ambalo nawajibika kulieleza. Kamati ilipitisha barua ya kupinga ukaguzi wa boliti na nati, ikanikabidhi niipeleke. Sikuipeleka. Wengine mmeniuliza sababu kwa upole, wengine kwa ukali, na wote mna haki ya kujibiwa.

Mnakumbuka ilivyoanza. Wakaguzi walipita madukani wakiomba vyeti vya ubora wa boliti zilizoandikwa 8.8 na 10.9, yaani gredi za nguvu ya boliti. Siku ile simu yangu haikupumzika. Mmoja alisema boliti anazinunua kwa kilo, cheti atakitoa wapi. Mwingine alifunga duka siku mbili. Fundi mmoja wa leti, mashine ya kuchongea vyuma, wa Moshi, anayechonga yuboti (boliti za umbo la U) na stadi (boliti zisizo na kichwa) kwa oda, aliniuliza swali ambalo bado linanikaa moyoni: "Mwenyekiti, mimi nachonga boliti moja ya mashine ya kukoboa kahawa, mkulima ananisubiri mlangoni. Cheti cha boliti moja kinatoka wapi?" Barua iliandikwa tukiwa na hasira hiyo. Ilisema tumeonewa, sisi ni wadogo, tuachwe. Saini ya kwanza ilikuwa yangu.

Kabla sijaipeleka, dereva mmoja wa gari la watalii alikuja dukani kwangu na kipande cha boliti kwenye kitambaa.

Alikuwa anapandisha ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, gari limejaa wageni na mizigo, ndipo boliti za propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, zikaachia. Propela ilidondoka na kuburuzika chini. Breki zilikuwepo, akasimamisha gari, wakaweka mawe nyuma ya matairi, wageni wakahamishiwa gari lingine. Hakuna aliyeumia. Dereva hakuja kugomba. Alifungua kile kitambaa juu ya kaunta, akaniuliza kama naitambua. Niliitambua. Ilitoka kwangu, na nakala ya risiti ilikuwa kitabuni.

Nakiri kwamba kwanza nilimlaumu fundi. Nilidhani amekaza kupita kiasi, jambo tunalolijua sote. Fundi akaja na spana yake ya torki, akanionyesha kipimo alichotumia, nami nikakosa la kusema. Nikachukua nati mpya ya uzi uleule, nikajaribu kuipandisha kwenye kile kipande. Ilizunguka mara tatu ikakwama. Nikaweka geji ya uzi, mwanga ukapita katikati ya meno. Uzi ulikuwa umevutika. Karibu na pale ilipokatikia boliti ilikuwa imekonda, kama shingo ya chupa. Hivyo ndivyo chuma laini kinavyokatika: kinarefuka kwanza, ndipo kinaachia. Kichwani iliandikwa 8.8 waziwazi. Alama ya mtengenezaji haikuwepo.

Kwa vijana wetu wa kaunta waliomo humu, nieleze alama hiyo ina maana gani, maana wengi tunaiuza kama jina tu. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika, kwa newton kwa kila milimita ya mraba: 8.8 ni 800. Namba ya pili inakwambia kwamba boliti itaanza kurefuka bila kurudi ikifikia asilimia 80 ya nguvu hiyo. Boliti ya M12, yaani ya kipenyo cha milimita 12, ya 8.8 inapaswa kubeba karibu tani 7 kabla ya kukatika. M12 ya 4.6, ile ya geti na kitanda, inaishia karibu tani 3 na nusu. Ukizisafisha na kuzipaka zinki, kwa macho ni mapacha. Kinachozitenganisha ni chuma chenyewe, namna kilivyopikwa na kupozwa, na ile alama ya kichwani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 898-1 kinataka boliti ya kichwa cha pembe sita, kuanzia kipenyo cha milimita 5, iwe na alama mbili: ya gredi na ya aliyeitengeneza. Gredi bila mtengenezaji ni ahadi isiyo na mwenyewe.

Nilikipeleka kipande kile kwenye maabara ya chuo kimoja hapa mjini. Boliti ya 8.8 ya unene ule inatakiwa isome angalau 22 kwenye kipimo cha ugumu wa chuma kiitwacho Rockwell C. Yetu haikufika huko. Mtaalamu alihamia kipimo cha B, kile cha vyuma laini. Sikulala vizuri usiku ule.

Kilichoniuma zaidi ni nilipotaka kujua nani aliniuzia. Nilikuwa na risiti za manunuzi matatu, kutoka kwa wauzaji tofauti, na kopo moja. Zote nilizimwaga humo, kama tunavyofanya sote: kopo likipungua, unaongezea juu. Nikalimwaga kopo mezani, nikaanza kuchambua. Nyingine zilikuwa na alama ya kiwanda, nyingine hazina. Za alama nilizozipima zilikuwa sawa. Zisizo na alama, baadhi zilikuwa ngumu na baadhi laini. Sikuweza kumrudia muuzaji hata mmoja, maana kila mmoja angesema mbovu ni ya mwenzake, na nisingeweza kumbishia. Mimi mwenyewe ndiye niliyeufuta ushahidi wangu.

Nikarudi kuisoma ile barua. Haikuwa na sentensi hata moja iliyomjibu yule dereva. Ndiyo maana sikuipeleka.

Jambo hili si letu peke yetu, na waliotutangulia wana la kutufunza. Nchini Marekani miaka ya 1980 soko lilijaa boliti za bandia. Boliti yao ya inchi ya Gredi 8 ina mistari sita kichwani, na inatakiwa iwe ya chuma cha aloi cha kaboni ya wastani. Zikaingia zenye mistari ileile lakini za chuma cha boroni, gredi ambayo kwao inaitwa 8.2. Zikiwa baridi zina nguvu sawa; zikipata joto kali zinalegea mapema. Mwaka 1988 kamati ndogo ya Bunge lao, chini ya mbunge John Dingell, ilitoa taarifa nzito juu ya hatari hiyo, na mwaka 1990 ikapitishwa Sheria ya Ubora wa Viungio, yaani boliti, nati na mfano wake.

Sheria ile kama ilivyoandikwa mwanzo ilitaka boliti zipimwe kwa sampuli kila bechi, katika maabara zilizothibitishwa. Wenye viwanda na wasambazaji, kupitia vyama vyao, walilalamika kama sisi: gharama, uhaba wa maabara, uchelewaji wa mizigo. Utekelezaji ukaahirishwa mara kadhaa. Kama wangeishia kwenye kulalamika, nisingewataja hapa. Lakini walikwenda na hoja. Walisema ubora haupandikizwi kwenye boliti iliyokwisha kutengenezwa. Unajengwa tangu chuma kinapoingia kiwandani, kwenye tanuru, kwenye kuviringisha uzi, na kila hatua iandikwe. Kwa hiyo kiwanda chenye mfumo wa ubora uliothibitishwa kisilazimishwe kurudia vipimo mwishoni. Sheria ilirekebishwa mwaka 1996, kisha 1999. Marekebisho ya 1999 yaliielekeza kwenye boliti za nguvu kubwa zenye alama ya gredi, yakazitoa zile zinazotengenezwa chini ya mfumo wa ubora uliothibitishwa, na yakaacha wajibu mmoja uliobana: alama ya mtengenezaji isajiliwe, ijulikane ni ya nani. Miaka 9 ya mabishano. Kilichoisogeza serikali, kwa maoni yangu, ni kwamba walileta njia nyingine ya kufika palepale ilipotaka kufika.

Kwetu msingi upo. Shirika la Viwango Tanzania linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009, na tangu Februari 2012 kuna utaratibu wa kukagua bidhaa nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya viwango ya mwaka 2006, inayosaidia bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama kupita Namanga au Holili bila kuanza upya. Rasimu za viwango hutolewa kwa maoni ya umma, na kamati za kiufundi zinazoziandaa hukaribisha wadau. Swali langu kwenu: sisi tunaouza na kufunga boliti kila siku, kwenye kamati hizo tumekaa lini?

Barua ninayoomba mkutano uipitishe inasema hivi. Ukaguzi mzito ufanyike kiwandani na mpakani, mahali mzigo ukiwa mzima, na namba ya cheti isafiri na boksi mpaka kwa muuzaji wa mwisho. Mwenye duka dogo aulizwe risiti na namba hiyo, asiambiwe apime mwenyewe. Nguvu ielekezwe kwenye 8.8 kwenda juu, boliti zinazobeba uhai wa watu: propela, springi, usukani, matairi, paa za chuma. Boliti ya geti isitafutwe kwa ukali uleule. Na wachongaji wa leti wawekewe njia yao: waonyeshe cheti cha nondo au shafti waliyochongea, wamwandikie mteja ni chuma gani, na wasigonge 8.8 kichwani. Hili la mwisho nilizungumza na yule fundi wa Moshi, akalikubali kabla sijamaliza.

Lakini hatuwezi kuomba haya huku makopo yetu yakiwa kama lilivyokuwa langu. Barua ina ukurasa wa pili, wa ahadi zetu, na ndio ninaoujali zaidi. Kila mzigo kopo lake, kopo lisiongezewe mpaka liishe, na namba ya cheti iandikwe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Boliti isiyo na alama ya mtengenezaji isiuzwe kama haitensaili, yaani boliti ya nguvu kubwa, hata mteja akibembeleza. Najua wapo watakaosema mteja atavuka barabara na kuipata kwa jirani kwa bei ya chini. Ni kweli, atavuka. Nimepoteza wateja wa namna hiyo tangu nianze kufanya hivi, na nimewapata wengine wanaokuja kuuliza kopo lenye namba.

Kuhusu vipimo, kamati imezungumza na chuo kile, nao wako tayari kutupimia kwa bei ya chama. Wapo waliopendekeza tununue kipimo cha ugumu cha mkononi, kile kinachodunda. Kinafaa kwa vyuma vizito, lakini kwa boliti ndogo kitatudanganya, maana kinahitaji uzito wa chuma nyuma yake. Fedha hiyo tuitunze.

Jambo jingine dogo, kwa sababu nimeulizwa sana: wateja wanataka 12.9 zing'ae. Boliti ngumu kiasi hicho ikisafishwa kwa asidi na kupakwa zinki kwa umeme hunywa haidrojeni, na isipookwa saa kadhaa baada ya hapo inaweza kukatika yenyewe siku moja au mbili baada ya kukazwa, gari likiwa limeegeshwa. Mweleze mteja achukue nyeusi.

Rasimu ya barua anayo katibu, kurasa mbili. Ile ya zamani pia ameibeba, ili anayetaka kuzilinganisha azilinganishe. Kipande cha boliti nimekiweka mezani kwake, pamoja na nati iliyokwama. Kikishazunguka mikononi mwenu wote, naomba tupige kura, ukurasa wa kwanza na wa pili kwa pamoja.