Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kusafisha Njia ya Morningside, Milima ya Uluguru

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Wenyeviti wa mitaa mliopo,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wageni wengi hualikwa kuja kusikiliza risala. Wewe umekuja na mabuti, umepanda nasi tangu asubuhi na umebeba gunia lako mwenyewe hadi hapa chini. Tunakushukuru sana.

Njia hii ina wenyewe. Wageni huipanda kwenda Morningside, kwenye nyumba iliyojengwa enzi za Wajerumani, ili wauone mji wote wa Morogoro. Lakini kabla hawajaamka, mama zetu wa Kiluguru wameshashuka na ndizi na mboga kichwani kuwahi soko. Huko juu msituni yupo ndege mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Uluguru. Na maji ya milima hii huingia Mto Ngerengere, kisha Ruvu, ambao ndio unaonywesha Dar es Salaam. Pampasi tulizozikuta leo kijitoni zilikuwa zimeanza safari hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulichookota kwa wingi ni chupa za plastiki za maji na soda, zilezile zinazouzwa kwenye maduka ya mitaani kwetu. Kwa hiyo tunaomba tusiwasingizie watalii.

Lipo jambo lililotuumiza zaidi. Kwenye kona moja, mwenzetu alivuta ncha ya nailoni iliyochomoza ardhini baada ya mvua. Akavuta, ikazidi kuja. Chini yake kulikuwa na mifuko ya rambo na pakiti za pombe za viroba zimeshikamana na udongo na mizizi, maandishi yake bado yanasomeka. Viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, na mifuko ya plastiki Juni 1, 2019. Wengi wetu wakati huo ndio kwanza tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Marufuku ilifanya kazi yake madukani, ila vilivyokwishatupwa bado vipo, na hakuna wa kuvitoa isipokuwa mikono ya watu.

Mikono hiyo leo imefanya kazi kwa shida. Glavu hazikutosha, tukagawana moja moja, ya mkono wa kulia tu, na njiani kuna vipande vya chupa zilizovunjika. Tunaomba utusaidie kupata glavu na reki.

Ombi letu kubwa, hata hivyo, ni kizimba cha taka hapa mwanzo wa njia, na gari la taka lifike kukizoa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi mitaa husafishwa, lakini njia hii husahaulika. Anayeshuka na chupa yake mkononi hapati pa kuiweka, naye huiacha majanini. Magunia haya unayoyaona mbele yako, hadi sasa hatujui yatalala wapi usiku wa leo.

Tukijaliwa kizimba, klabu yetu itapanda kuokota kila mwezi, na viongozi wa mitaa waliopo hapa watatusimamia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha, na tunakukaribisha uzungumze nasi.