Kabla ya kuiachia programu kalamu nyekundu
Habari zenu walimu. Anayetaka kujaribu programu ya akili mnemba kusahihisha insha, aanze na insha tano alizokwisha kuzisahihisha mwenyewe. Futa majina na namba za wanafunzi, bandika insha kwenye programu pamoja na mwongozo wa alama, kisha linganisha alama zake na zako. Insha ileile irudie mara tatu, kila mara kwenye mazungumzo mapya. Alama zinaweza kubadilika, kwa kuwa programu hutabiri maneno, haipimi kama rula. Kwenye insha za Kiswahili kagueni upatanisho wa ngeli: programu huweza "kurekebisha" kilichokuwa sawa, tena kwa kujiamini kweli. Maoni yake yachukuliwe kama rasimu. Alama aweke mwalimu. Mipangilio ya faragha nayo iangalieni kwanza, mzime ruhusa ya kuifunza programu kwa maandishi yenu. Matokeo yatumeni hapa kabla ya Ijumaa.