Barua ya wazi kwa wapiga picha wa Mombasa wanaofuatwa na vijana

Wanangu,

Asalaam aleikum, na kwa wasioitikia hiyo, hamjambo. Naanza na salamu makusudi, maana ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Jumamosi moja asubuhi, mmoja wenu, fundi kwelikweli ambaye kazi zake hata mimi nazipenda, alipita mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale, na vijana wake nyuma, kila mmoja na kamera shingoni. Mama mmoja mtu mzima alikuwa mlangoni kwake akikaanga mahamri. Fundi akapiga goti mbele ya karai, akainua lenzi. Mama akavuta leso kujifunika uso. "Hapo hapo, usisonge!" fundi akamwambia. Mahamri yakaungua. Hakuna aliyemwamkia, hakuna aliyenunua hata moja. Wakaenda zao wakitazama vioo vya kamera zao.

Wiki haikwisha nikamwona mmoja wa vijana wale karibu na soko la Marikiti, yuko peke yake, kapiga goti vile vile mbele ya muuza ndimu. "Hapo hapo, usisonge!" Mpaka sauti aliichukua.

Sasa niambieni, huyu amejifunza nini kwenu? Nyinyi mnadhani wanaiga mwanga na rangi zenu. Wanawaiga nyinyi wenyewe, na usipomwamkia mtu mbele yao, hilo nalo wanalibeba kama somo.

Kuigana si haramu. Henri Cartier-Bresson, yule mpiga picha Mfaransa, alisomea uchoraji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaiona picha ya Martin Munkácsi, Mhungari: vijana watatu wa Kiafrika wanakimbilia mawimbi, picha inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika. Hiyo ndiyo iliyomtia mtaani na kamera. Lakini angalieni alichofanya nayo. Hakwenda kutafuta vijana awakimbize majini. Mwaka 1932, Paris, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, akamdaka mtu mzima hewani akiruka maji yaliyotuama, kisigino kinakaribia kugusa. Kwa Munkácsi alichukua ile shabaha ya kuudaka mwendo usirudi tena, vijana akawaacha na mawimbi yao. Huku kwetu, mmoja akipata picha ya watoto wanaojirusha baharini, mwezi ule ule kila simu mjini ina watoto wanaojirusha, na wengine wamepewa hamsini warudie kuruka kwa sababu jua halikukaa vizuri.

Mohamed Amin, mpiga picha wa habari wa Kenya, nanyi mnapenda kumtaja. Oktoba 1984 picha zake za njaa kutoka Korem, Ethiopia, ziliutikisa ulimwengu. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, na bado akarudi kazini na mkono wa bandia. Wengi waliomfuata waliokota mtoto mwenye nzi usoni, basi. Hawakuokota ile miaka zaidi ya ishirini aliyoizunguka kanda hii kabla ya Korem, tangu alipofungua Camerapix, kampuni yake ya picha, Dar es Salaam mwaka 1963.

Na mnao wa hapa hapa. N.V. Parekh alikuwa na studio Mombasa tangu miaka ya 1940. Mama zetu walikwenda kwake kwa miguu yao, wamejipamba, wakasimama walivyotaka waonekane. Omar Said Bakor wa Lamu alijifunza mwenyewe, alianza kwa kupiga watu mitaani, kisha akawa anaunganisha picha kwa ustadi ambao leo mnahitaji programu kuufanya. Wapiga picha wa vibanda vya feri Likoni walipamba kuta kwa meli na ndege, na kibarua wa bara akasimama mbele ya kuta hizo apate picha ya kutuma kwao. Enzi hizo zilikuwa na kero zake (umeshalipa, na picha bado hazijaoshwa), lakini mwenye uso ndiye aliyekuwa tajiri wa picha. Siku hizi tajiri ni mwenye kamera.

Lawama si zenu peke yenu. Mahoteli yanataka mwanamke wa buibui mbele ya mlango wa nakshi, na hayaulizi jina lake. Mashindano yanampa zawadi mpigaji, aliyepigwa hana habari. Mzazi anafurahi mwanawe ana wafuasi, haulizi picha ile kaipataje. Nasi watu wa mitaani, akija mgeni na kofia yake tunamchekea, akija kijana wetu tunamfukuza kama mwizi. Tumemfundisha kupiga na kukimbia.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja hapa Kenya ilipigwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutundika picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini mtu aliyelelewa Mji wa Kale hangoji kamishna wa data amfundishe kupiga hodi.

Mengine kwa ufupi. Chapisheni picha kwenye karatasi, nyuma andikeni jina na mwaka. Mpelekeeni nakala aliyepigwa. Wafundisheni vijana kutoza bei, wasipige harusi kwa sahani ya pilau. Mkimwiga mtu, mtajeni. Lenzi msiyoitumia, azimeni.

Na akija mwanafunzi mpya, wiki ya kwanza mpelekeni mtaani bila kamera. Aamkie, anunue, aulizwe ni mtoto wa nani, ajibu. Akilalamika anapotezewa wakati, mrudishieni ada yake.

Ni mimi mzee wenu,
Kibokoni, Mombasa