Taimingi ya Corolla Haipimwi kwa Sikio

Wamiliki wengi wa Corolla na Carina zenye injini ya 5A-FE wanaofika gereji kwetu Nyakato, jijini Mwanza, huleta lalamiko moja: gari ni jepesi barabara ikiwa tambarare, lakini likipakiwa dagaa pale Mwaloni na kuanza kupandisha kilima cha Bugando, linakuwa zito au injini inagonga. Tukifungua boneti, mara nyingi tunakuta distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) imezungushwa na kukazwa na mtu aliyetegemea mlio peke yake.

Cheche ya plagi hutakiwa kutoka kabla kidogo ya pistoni kufika juu kabisa, kwa kuwa petroli na hewa huhitaji muda wa kuungua; wakati huo wa cheche ndio huitwa taimingi. Moto ukiwahi mno, mgandamizo hukutana na pistoni ingali inapanda, na injini hugonga. Ukichelewa, nguvu hupungua na mafuta huliwa zaidi.

Kipimo cha injini hii ni nyuzi 10 za mzunguko wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kabla ya pistoni kufika juu. Hata hivyo, kompyuta ya gari huwahisha moto yenyewe kulingana na mzunguko na mzigo wa injini, hivyo anayepima bila kuizuia kwanza anapima uamuzi wa kompyuta, wala si mahali distribyuta ilipokaa. Ndiyo maana sisi huiacha injini ipate joto, tukazima kiyoyozi na taa, kisha tukaunganisha kwa kipande cha waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 katika kile kisanduku kidogo kilicho chini ya boneti, ili kompyuta iache kuwahisha moto. Hapo taa ya taimingi (inayomulika kila cheche inapotoka), ikibanwa kwenye waya wa plagi ya silinda namba 1, huonyesha mkato wa puli ya krenki ukiwa umetulia. Tunaisogeza distribyuta taratibu hadi mkato ulingane na alama ya 10, tunakaza bolti, tunapima tena (kukaza kwenyewe huweza kuisogeza), ndipo tunapoutoa waya.

Wakati mwingine distribyuta hufika mwisho wa nafasi yake na alama bado haijafikiwa. Usikubali tundu la bolti lipanuliwe kwa tupa, kwani hapo wa kushukiwa kwanza ni mkanda wa taimingi ulioruka jino, na kazi yake ni kufungua kava na kuulinganisha upya.

IST na magari mengine yenye koili juu ya kila plagi hayana distribyuta kabisa. Ukidaiwa hela ya kuseti moto kwenye gari la aina hiyo, muombe fundi akuonyeshe anachokwenda kukizungusha.