Mwanangu, wewe lala, sisi tumekubeba

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku Marangu hatujambo, baba yako anakusalimu. Masika imeshika kweli, njia ya kushukia sokoni ni utelezi mtupu. Hofu yetu ni kwako, kwa mkwe wangu, na kwa huyo mgeni tunayemsubiri.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Nikiuliza mguu unaendeleaje, unajibu "vizuri, mama", kisha unampa mkeo simu. Lakini juzi lilikuponyoka neno, nami sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ulisema umekuwa mzigo humo ndani. Mkeo ana mimba ya miezi saba, anateka maji, anakuogesha, anakusogezea ndoo; na wewe uliyezoea kutoka alfajiri kwenda kutafuta, umelala na chuma kwenye paja. Ukasema pia kwamba hata kuomba kumekushinda, ukifumba macho unaiona ile pikipiki na lile lori tu.

Nianze na hilo la kuomba. Mwambie mkeo akufungulie Marko sura ya pili. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne, na nyumba ilipojaa watu mpaka mlangoni wakapanda juu wakatoboa dari, wakamteremsha na godoro lake mbele ya Yesu. Ukifika mstari wa tano usome polepole. Yesu aliiona imani yao. Yao, baba, ya wale waliobeba. Mgonjwa mwenyewe hakuandikiwa neno hata moja katika habari ile yote. Hatuambiwi aliomba nini, wala kama alikuwa na nguvu ya kuomba. Alilala tu kwenye godoro, wenzake wakashika pembe, na Bwana akamsamehe na kumponya. Kwa hiyo usijitese. Siku ukiweza, sema kama yule mama Mkanaani alivyosema, "Bwana, unisaidie", inatosha. Siku usiyoweza, nyamaza. Pembe za godoro zina watu.

Na watu hao nawajua. Alhamisi jumuiya ilikusanyika kwetu. Ilipofika zamu ya bibi mmoja anayetembea kwa mkongojo, hakuomba kwa jumla jumla. Alitaja paja la kulia. Akataja chuma na skrubu zake, akamwambia Mungu aipeleke damu mpaka pale palipovunjika, na usaha usipate njia. Baadaye nikamuuliza amejuaje yote hayo, akaniambia yeye aliwahi kuvunjika nyonga, na daktari alimwonyesha kwenye picha. Huyo ndiye anayekuombea kila siku, mwanangu, mtu aliyepita hapo ulipo. Tena Jumapili kwenye mnada baada ya ibada, mama mwingine alinunua mkungu wa ndizi mshare kwa bei ya kushindana na wanaume, halafu akaniwekea miguuni. Akasema, "Huu ni wa mtori wa mkweo, asisubiri mpaka azae ndipo ale vizuri." Nimeupakia kwenye basi. Atakayekwenda kuupokea stendi nimeshaongea naye, ninyi msihangaike.

Kuna andiko jingine nimelishika tangu ulipolazwa, Mhubiri 11:5. Linasema hatujui jinsi mifupa inavyokua tumboni mwa mja mzito, na vivyo hivyo hatuijui kazi ya Mungu. Humo chumbani mwenu sasa hivi mifupa inajengwa mahali pawili. Daktari alitueleza kwamba mfupa wa paja kwa mtu mzima huchukua miezi mitatu mpaka sita kuunga, na wakati mwingine zaidi. Kwanza panaota kitu laini kama gegedu, kisha ndipo panakuwa pagumu. Na mtoto naye, miezi hii ya mwisho, ndiyo anaikomaza mifupa yake kwa chakula cha mama yake. Kazi hizo mbili zinakwenda usiku na mchana, wala hakuna anayezisikia. Ukiutazama mguu asubuhi ukaona hakuna kilichobadilika, usidhani Mungu amelala. Kunyweni maziwa, kuleni dagaa na mayai na maharage, wote wawili.

Usiukanyagie mguu huo kabla daktari hajasema. Najua utatamani. Najua pia atatokea jirani wa kukushauri ukakandwe na kuvutwa. Mshukuru, kisha ukatae. Yale mazoezi ya kukaza paja na kukunja kifundo uliyoonyeshwa, yafanye hata kama yanaliza. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikaanza kukata, nendeni hospitali saa hiyohiyo, maombi yatafuata njiani. Na kwa mkeo vilevile: akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana na macho kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, asiambiwe apumzike kwanza. Wewe ndiye uliye nyumbani kutwa, basi hiyo ndiyo zamu yako. Kadi yake ya kliniki ikae karibu na mto wako, tarehe uzijue wewe, na umuulize kila jioni kama amekunywa vidonge vya damu.

Sasa hilo la mzigo. Umekulia shambani, unajua ni mgomba gani tunaoukatia mti wa kuuegemeza: ni ule uliobeba mkungu. Sijawahi kumsikia baba yako akiulaumu mgomba kwa kuegemezwa. Wewe una mke, una mtoto njiani, umebeba. Kubali kuegemezwa.

Najua kinachokuuma zaidi ni kwamba mtoto atazaliwa akukute kwenye magongo. Mkumbuke Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Yaya wake alimwangusha wakati wa kukimbia akiwa na miaka mitano, akawa kiwete miguu yote miwili. Wengi wanakumbuka kwamba Daudi alimweka mezani pa mfalme, lakini andiko linaongeza jambo ambalo wahubiri hulipita haraka: alikuwa na mwana mdogo, jina lake Mika. Mika alikuwa na baba asiyeweza kumkimbilia, na ukoo ule uliendelea kwa huyo Mika. Wewe daktari amekuambia utatembea. Mwanao akikukuta na magongo, atakukuta upo, na kwangu mimi niliyekesha usiku ule wa ajali nikingoja simu, hilo ni jibu la maombi tayari.

Kuna kazi ambayo mguu hauhusiki. Mtoto wa miezi saba tumboni anasikia sauti. Jioni mkeo akishakaa kitandani, weka mkono juu ya tumbo, umwombee mwanao kwa sauti. Kama huna maneno, tumia haya yangu mpaka upate ya kwako:

Baba wa mbinguni, wewe unayeijua mifupa iliyo gizani, mtunze mtoto huyu. Mgeuze akae vizuri, mpe njia salama ya kutoka. Mpe mama yake nguvu na mkunga mwenye mikono mizuri. Na mimi baba yake uniunge, kwa wakati wako, na moyo wangu uutoe hofu ya barabara ile. Katika jina la Yesu, amina.

Mimi nitashuka Dar mapema kabla ya tarehe aliyopewa, maana mimba ya kwanza haina adabu na kalenda. Nitakaa mpaka mzazi apate nguvu na wewe uachie gongo moja. Baba yako atabaki na ng'ombe. Mwambie mkwe wangu asinunue khanga, ninazo. Anunue beseni la kumwogeshea mtoto, lenye kina kidogo, na kile kiti kirefu cha plastiki mkitafutie mahali karibu na mlango wa bafu, utakihitaji wewe kuoga mwenyewe.

Barua hii msomeane wote wawili, nawe uniandikie picha ya mguu ya mwezi huu imesema nini.

Ni mimi mama yako nikupendaye.