Matairi ya trela la farasi: soma tarehe kabla ya kutazama meno

Saisi mmoja, yaani mtunza farasi, alituletea trela la farasi wawili hapa karakanani kwetu, upande wa Karen, Nairobi, akaomba jambo moja tu: tujaze upepo. Kesho yake alfajiri farasi walikuwa wanapelekwa Gilgil kwenye polo. Matairi yote manne yalikuwa na meno marefu, meusi, hata vile vinywele vya mpira vinavyotoka kiwandani vilikuwa bado vimesimama hapa na pale. Ungesema yamefungwa juzi. Nikachuchumaa, nikasoma namba za ubavuni: 3511. Wiki ya 35, mwaka 2011.

Nikapitisha kidole ubavuni. Mpira ulikuwa umeota magaga kama kisigino cha mtu anayetembea peku kiangazi kizima. Tulipolitoa tairi moja kwenye rimu, unga mweusi ulimwagika sakafuni: ndani lilikuwa limejisaga lenyewe kwa kutembea na upepo mdogo. La pili lilikuwa na uvimbe wa ukubwa wa nusu yai kati ya meno, dalili kwamba nyuzi za chuma zilizo ndani zimeanza kuachana na mpira. Saisi akanyamaza kidogo, kisha akampigia tajiri wake simu.

Tunaandika haya kwa sababu mara nyingi mwenye trela hayupo linapofungwa kwenye gari. Anayekuwepo ni saisi na dereva, na wao wamezoea kulipima tairi kwa meno. Kwa matatu au pikapu ya kazi, kipimo hicho kina maana, kwa kuwa barabara inayala meno kabla mpira haujazeeka. Trela la farasi linatoka mara chache kwa mwaka: mbio za Ngong, maonyesho ya Jamhuri, pengine safari moja ya Nanyuki. Siku nyingine zote limesimama uani. Meno hayaishi kamwe. Mpira ndio unaokufa.

Na kusimama kwenyewe ndiko kunakouua. Kiwandani mpira huchanganywa na nta na dawa za kuukinga na gesi ya ozoni iliyo hewani. Tairi likizunguka, linakunjika na kukunjuka, na ile nta inapenya polepole hadi juu na kuupaka mpira upya. Likikaa miezi bila kuzunguka, kinga hiyo haifiki juu, na jua linafanya kazi yake bila kipingamizi. Nanyuki iko kwenye ikweta na karibu mita 2,000 juu ya bahari. Huko miale ya jua ni mikali hata siku unapovaa sweta. Ongeza uzito wa trela unaokandamiza sehemu ileile ya tairi mwezi baada ya mwezi.

Kusoma tarehe ni rahisi, ukishajua pa kutazama. Ubavuni tafuta herufi DOT, ufuate mstari huo hadi mwisho wake, kwenye namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 0819 ni wiki ya 8 ya mwaka 2019. Ukikosa namba hizo upande wa nje usikate tamaa: matairi mengi yameandikwa tarehe upande mmoja tu, na fundi aliyeyafunga huenda aliugeuzia ndani. Itabidi ulale chali chini ya trela na tochi. Ukikuta namba tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo hatuna la kujadili.

Utaratibu wetu ni huu. Tairi la trela la farasi likifika miaka mitano, tunalikagua kila mwaka, na ikiwezekana tunalitoa kwenye rimu tulione ndani. Likipita saba, tunamwambia mwenyewe abadilishe, hata kama linang'aa. Watengenezaji wengi wa matairi huweka miaka 10 kuwa mwisho kabisa, lakini hapo wanafikiria zaidi gari linalotembea kila siku na mzigo usio na miguu. Mzigo wa trela hili unasimama kwa miguu minne, unahamisha uzito kila kona, na ukianguka ndani hauinuki kwa urahisi.

Kuna watakaosema tunatafuta biashara. Haya, tuiache biashara yetu. Septemba 2012 huko Uingereza, basi lililokuwa linatoka kwenye tamasha la muziki la kisiwa cha Wight lilipasukiwa na tairi la mbele katika jimbo la Surrey, likaacha barabara na kugonga mti. Watu watatu walikufa. Tairi lile lilikuwa na miaka 19, zaidi hata ya umri wa basi lenyewe, na sheria ya wakati huo haikuwa na ukomo wa umri wa tairi. Mama wa mmoja wa vijana waliofariki alipigania jambo hilo kwa miaka, na tangu Februari 2021 matairi ya zaidi ya miaka 10 yamepigwa marufuku huko kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi.

Sasa hesabu ya uzito, maana hapa ndipo watu wanapobishana nasi wakitaka kubadilisha tairi moja tu. Trela la farasi wawili, likiwa tupu, lina karibu tani moja. Farasi mmoja wa mbio ana kilo 500 hivi. Jumla tani mbili, magurudumu manne, kila moja limebeba takriban kilo 500. Ubavuni, baada ya saizi, kuna namba ya uwezo: 96, kwa mfano, maana yake kilo 710. Nafasi ipo. Lakini moja likipasuka, jirani yake wa upande huohuo anabeba karibu tani peke yake hadi dereva atambue, na dereva wa Prado mara nyingi hahisi kitu mpaka watu wa nyuma wampigie honi. Kwa hiyo tairi likipasuka safarini, lile la pembeni yake nalo tunalihesabu kuwa mgonjwa, hata kama halina alama.

Upepo nao. Kwenye kituo cha mafuta kijana anauliza, "Ngapi?" na dereva anajibu thelathini, kama anavyojibu kwa gari lake. Matairi mengi ya trela huhitaji zaidi ya hapo, mengine karibu mara mbili. Fuata kibati cha trela au kitabu chake, na upime asubuhi matairi yakiwa baridi. Upepo mdogo huleta joto, na joto ndilo linalolimaliza tairi lililozeeka, hasa kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu mchana.

Spea isisahaulike. Mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote, maana lilikuja na trela na halijawahi kushuka. Hakikisha pia spana yako inaingia kwenye nati za trela. Za gari na za trela si lazima zilingane. Na beba kabari ya mbao au ya chuma: kwenye trela la ekseli mbili, ukishalegeza nati unapandisha gurudumu jirani lililo zima juu ya kabari, na lile bovu linabaki likining'inia. Hapo unabadilisha farasi wakiwa ndani. Kuwashusha kando ya barabara kuu, malori yakipita, ni hatari kuliko pancha yenyewe.

Ukinunua matairi mapya, kwetu au kwingine, soma tarehe kabla hujalipa. Mteja mmoja aliletewa matairi yenye karatasi za dukani bado zimegandishwa, kumbe yalikuwa yamekaa stoo miaka sita. Sisi tunakuonyesha namba kwanza, tunabadilisha na valvu za mpira kwa sababu nazo hupasuka, halafu tunakuandikia tarehe kwenye kibandiko tunachokibandika ndani ya mlango wa saisi, ule mdogo wa pembeni mwa trela. Ukishatembea kilomita 50 au 80, simama ukaze nati tena.

Ukaguzi wa macho na kusoma tarehe hatutozi. Piga simu siku moja kabla, na ulete trela tupu. Farasi abaki bandani: kompresa yetu inapowaka hata mbwa wa jirani hukimbia.